Uliza Ujibiwe: Mfupa wa pua huishia wapi?

Barua za pua zimekuwa nyingi. Safari hii tumechagua zile zinazogusa mifupa, maana makosa mengi yanayofanywa nyumbani juu ya pua, kubana pasipobanwa na kungoja pasipongojwa, yanatokana na kutojua mfupa unaishia wapi na gegedu, ile sehemu ngumu kiasi lakini inayopindika, linaanzia wapi.

Shikamooni. Nasoma mwaka wa kwanza chuo cha utabibu. Kitabu kinasema pua ina mifupa miwili, mwalimu anataja kumi na minne, na fuvu la darasani halina pua kabisa, lina shimo tu. Nishike lipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Shika yote, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake.

Kitabu kiweke pembeni kidogo, tumia kidole. Weka ncha ya kidole cha shahada katikati ya nyusi, uishushe taratibu. Utaingia kwenye kibonde: hapo ndipo mifupa ya pua inaposhonana na mfupa wa paji la uso. Endelea kushuka juu ya mgongo wa pua. Kwa urefu wa kama sentimita 2.5 utahisi kitu kigumu kisichotikisika, kisha kidole kinabonyea kidogo na pua inaanza kucheza kushoto na kulia. Mfupa umeishia hapo. Uliyoipita ndiyo mifupa miwili ya pua anayoisema mwandishi wa kitabu chako, mmoja kila upande, imekutana katikati kama mabati mawili juu ya paa. Kwa juu ni mifinyu lakini minene. Kwa chini inapanuka na kukonda, ndiyo maana ngumi au kiwiko huivunja zaidi nusu ya chini.

Kuanzia hapo hadi nchani ni gegedu, misuli, mafuta na ngozi. Mtu akizikwa, vyote hivyo huoza na mfupa hubaki. Basi fuvu lako halijavunjwa pua. Limebakiza kile ambacho kilikuwa mfupa tangu mwanzo. Tundu unaloliona lina umbo la parachichi lililosimamishwa, kikonyo juu. Ukingo wake wa juu ni ile mifupa miwili, na pande zote pamoja na chini ni taya la juu, ambalo nalo ni mifupa miwili iliyoungana katikati, ingawa wengi hudhani ni mmoja. Pale chini katikati kuna mwiba mdogo wa mfupa uliochomoza mbele. Unao hata wewe: bonyeza kwa kidole kuelekea ndani na juu, mahali pua inapokutana na mdomo wa juu. Wachunguzi wa mifupa ya kale huutazama mwiba huo wanapotafuta dalili za ukoma, kwa kuwa ukoma usiotibiwa huula mpaka ukaisha.

Mwalimu wako, yeye anahesabu kuta za chumba kizima cha pua. Tuingie ndani tuzione.

Ukuta wa katikati, unaotenga tundu la kulia na la kushoto, ni wa vipande vitatu vikubwa. Mbele ni gegedu pana, karibu la pembe nne. Nyuma kwa juu ni bamba la ethmoidi, mfupa uliojificha kati ya macho. Nyuma kwa chini ni voma, mfupa mmoja mwembamba wenye umbo la ulimi wa plau. Vyote vimekaa juu ya tuta la mfupa kwenye sakafu. Ukuta ulionyooka kabisa ni nadra, kwa hiyo kupinda kidogo si ugonjwa.

Sakafu ndiyo kaakaa ukiitazama kwa upande wa juu: robo tatu za mbele ni taya la juu, robo ya nyuma ni mifupa ya kaakaa. Dari ni jembamba kuliko sehemu nyingine zote. Ni kipande cha ethmoidi kilichotobolewa kama chekecheke, na nyuzi za neva za kunusa hupita kwenye vitundu vyake kwenda kwenye ubongo. Kuta za pembeni ndizo zenye vurugu. Zina rafu tatu za mfupa zilizojikunja kama ganda la kombe. Mbili za juu ni sehemu ya ethmoidi. Ya chini, iliyo kubwa kuliko zote, ni mfupa unaojitegemea, nao wanafunzi huusahau kila mwaka.

Sasa hesabu. Jozi tano: mifupa ya pua, mataya ya juu, mifupa ya machozi, mifupa ya kaakaa, rafu za chini. Hiyo kumi. Ongeza voma, ethmoidi, mfupa wa paji na sfenoidi ulio nyuma kabisa. Kumi na nne. Mtego uko hapa: mifupa ya uso nayo ni 14, lakini si ileile. Kwenye orodha ya uso toa ethmoidi, paji na sfenoidi, ambazo huhesabiwa upande wa bakuli la ubongo, utie mifupa miwili ya mashavu na taya la chini. Zimetoka tatu, zimeingia tatu. Mtihani ukikuuliza, soma swali mara mbili.

Mwanangu wa miaka 11 alipigwa kiwiko cha pua uwanjani siku mbili zilizopita. Zahanati walimpiga eksirei wakasema hakuna kilichovunjika, wakampa dawa ya maumivu. Pua haijapinda, ila matundu yote mawili yameziba na usiku anahema kwa mdomo. Nimsubiri hadi uvimbe ushuke? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Hapana, mama. Barua hii tuliijibu kwa simu siku ileile. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine.

Tatizo hapa linaweza lisiwe mfupa. Kumbuka ule ukuta wa katikati: mbele ni gegedu, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika kila upande kama gamba. Pua ikipigwa, mishipa ya utando huo inaweza kupasuka, damu ikajikusanya kati ya utando na gegedu na kuvitenganisha. Gegedu linakosa chakula. Baada ya siku tatu au nne linaanza kufa, na damu iliyolala pale hugeuka usaha kirahisi. Mtoto wa namna hiyo hupona na mgongo wa pua uliobonyea katikati kama tandiko la punda, na kwa kuwa gegedu hilo ndilo linalosukuma pua ikue, uso wake hukua vibaya. Usaha nao unaweza kusafiri kwa mishipa hadi kwenye ubongo.

Eksirei haiwezi kuona jambo hili, kwa kuwa gegedu na damu havionekani kwenye eksirei. Hata kwa mfupa wenyewe picha hiyo husaidia kidogo: mishono ya kawaida na vijia vya neva huonekana kama nyufa, na ufa wa zamani hubaki ukionekana miaka mingi. Kuvunjika kwa pua hutambuliwa kwa macho na vidole.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kumkalisha kwenye mwanga, kuinua ncha ya pua kwa kidole gumba na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Ukuta wa katikati unatakiwa kuwa mwembamba na wa waridi. Ukiona umevimba kama mto, mwekundu wa kuiva au wa zambarau, upande mmoja au pande zote mbili, hilo ni bonge la damu. Mhudumu akiugusa kwa kijiti cha pamba unabonyea, tofauti na ukuta uliopinda, ambao ni mgumu. Dawa ya matone ya kuzibua pua haiupunguzi. Hata usipoona kitu, kuziba pande zote mbili baada ya pigo kunatosha kumpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au homa ikipanda, ondokeni usiku huohuo.

Tiba yenyewe si kubwa. Mtoto hupewa ganzi au nusu kaputi, utando unachanjwa, damu inatolewa, pua inajazwa pamba maalumu kwa siku mbili tatu ili utando urudi kugandamana na gegedu, na antibiotiki zinaanza. Kunyonya damu kwa sindano peke yake hakutoshi, kwa sababu damu hurudi.

Sasa ile pua iliyopinda kweli. Hapo kalenda inahesabiwa kwa namna nyingine. Ndani ya saa chache za mwanzo, kabla haijavimba, daktari anaweza kuinyoosha mara moja. Mkichelewa, uvimbe unaachwa ushuke siku tatu hadi tano, kisha inanyooshwa: kwa mtoto kabla wiki haijaisha, kwa mtu mzima kabla ya wiki mbili. Zikipita hizo, mifupa imeshajishika na kazi inakuwa ya kuivunja upya chumba cha upasuaji. Wakati mnangoja, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 kwa mara moja, na mtoto alale kichwa kikiwa juu. Baada ya kunyooshwa, plasta ya nje hukaa kama siku saba, na mpira asicheze wiki sita.

Mume wangu hutokwa damu puani kila kiangazi. Namlaza chali na kumbana hapa juu kati ya macho, lakini inachukua muda kukata. (Dodoma)

Unabana mfupa, dada. Ungeubana kutwa nzima damu isingejua, kwa sababu mfupa haubonyei.

Damu nyingi ya puani, ambayo watu wa pwani huiita muhina, hutoka kwenye kipande kidogo cha ukuta wa katikati, juu ya gegedu, kama sentimita moja kutoka mlangoni. Mishipa kadhaa hukutana pale chini ya ngozi nyembamba, na hewa kavu ya kwenu huipasua. Mkalishe, asilale. Ainamishe kichwa mbele, ahemee mdomoni, ateme kila kinachoshuka kooni. Damu iliyomezwa hutapisha. Bana sehemu yote laini, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu, dakika 15 za saa. Usifungue kuchungulia, maana kila ukichungulia unaanza upya. Ikiwa awamu mbili hazikukata, au damu inashuka kooni zaidi ya inavyotoka mbele, au anatumia dawa za kuyeyusha damu, mpeleke hospitali. Na kabla kiangazi kijacho hakijaanza, apake vaselini kidogo sana mlangoni mwa pua jioni.

Bibi yake mtoto humkanda pua kila akimwogesha, anaivuta na kudondoshea mafuta ndani ili isimame. Mtoto ana wiki tano. Namheshimu mama mkwe, lakini naogopa. (Mombasa)

Kumwogesha na kumkanda mjukuu ni mapenzi, na bibi asivunjiwe moyo. Ila aiache pua.

Pua ya mtoto mchanga ni bapa kwa sababu mifupa yake miwili ni midogo mno na ukuta wa gegedu ulio nyuma yake haujaanza kuisukuma. Gegedu hilo hukua taratibu utotoni, kisha kwa kasi wakati wa kubalehe. Wasichana humaliza wakiwa na miaka kama 15 au 16, wavulana 17 au 18. Ukilivuta leo linarudi kama mpira. Waliokandwa zikasimama zingesimama vilevile bila kukandwa.

Hasara, kwa upande mwingine, ipo. Mtoto wa umri huo hategemei mdomo kuhema. Pua ikivimba ndani kwa kubanwa, hawezi hata kunyonya. Mafuta yanayodondoshwa puani huteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia isiyosikia antibiotiki za kawaida. Bibi ampake mafuta miguuni na mgongoni. Kamasi ikimsumbua mtoto, tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya dukani kila tundu kabla ya kunyonya yanatosha.

Mambo mawili hayangojewi. Pua iliyozaliwa imelala upande mmoja: nyingi hujinyoosha siku za mwanzo, lakini ikiwa ncha haikai katikati hata ukiisukuma kidogo, ionwe mapema, maana ukuta unaweza kuwa umetoka kwenye tuta lake wakati wa kujifungua. Na mtoto anayebadilika rangi kuwa bluu akinyonya, kisha anarudi kawaida akilia, huenda milango ya nyuma ya pua yake imezibwa na mfupa. Sogeza uzi wa pamba mbele ya kila tundu uone kama unapepea. Ikiwa haupepei, nendeni hospitali bila kungoja kliniki.

Kwa nini pua zetu hazifanani? Kaka yangu anasema za baridi ni nyembamba. (Kidato cha tatu, Arusha)

Kaka hajakosea sana. Kazi ya pua ni kuipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni, na njia nyembamba huigusisha hewa na kuta zaidi. Watafiti waliopima matundu ya watu wa mabara mbalimbali waliona upana wake unaelekea kufuata joto na unyevu wa nchi za asili. Hata hivyo urithi wa familia una nguvu yake, usimpime mtu kwao kwa pua.

Ila kwa kuwa uko Arusha, kuna uso mmoja wa kuutazama. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alikuta kwenye bonde la Olduvai fuvu la kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita. Walimwita Zinj, kwa jina la kale la Kiarabu la pwani yetu. Mifupa yake ya mashavu imejitokeza mbele kuliko tundu la pua, hata ukilaza rula kutoka shavu hadi shavu haigusi pua. Alikuwa na mifupa ya pua kama sisi, lakini imelala ndani ya uso ulio kama sahani.

Niling'olewa gego la juu wiki iliyopita. Sasa nikisukutua maji yanatokea puani. Daktari wa meno alikosea? (Kisumu)

Si lazima. Juu ya magego yako ya juu kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa wa taya, ile sainasi ya shavu. Kwa mtu mzima hubeba kama mililita 15, vijiko vitatu vya chai. Mizizi ya magego mawili ya kwanza, na ya jino lililo mbele yao, hufika kwenye sakafu yake. Kwa wengine imetenganishwa nayo na mfupa mwembamba kama ganda la yai, kwa wengine na utando tu. Jino likitoka, sakafu inaweza kutoka nalo, na njia ya mdomo hadi puani ikafunguka.

Tundu la chini ya milimita 2 mara nyingi hujifunga lenyewe ikiwa bonge la damu halijang'olewa. Likizidi milimita 5 hushonwa kwa kuvuta kipande cha ufizi. Rudi kwa daktari wiki hii, usingoje miezi, kwa sababu njia ikishaota ngozi ndani haijifungi tena na sainasi hujaa usaha. Kwa wiki mbili usipenge kamasi, usinywe kwa mrija, usivute sigara; chafya ikija, ifungulie mdomo. Vyote hivyo husukuma au kunyonya hewa kwenye lile tundu.

Ujirani huohuo huwadanganya watu kinyume chake. Mtu wa sainasi hudhani meno yanamuuma, akang'olewa jino lisilo bovu. Kipimo cha haraka: maumivu ya sainasi hushika meno mawili matatu ya juu kwa pamoja na kuzidi ukiinama kama wa kufunga kamba za viatu, jino bovu huuma lenyewe, hasa ukiligonga au ukinywa cha baridi. Chumba hicho kina kasoro ya ramani pia: mlango wake uko juu, karibu na dari, kwa hiyo ukisimama ute haushuki. Lala kwa ubavu, shavu linalouma likiwa juu, uupe nafasi ya kutoka.

Kijana wetu alianguka na bodaboda, uso ukavimba. Ameruhusiwa, lakini shavu moja limekufa ganzi, na akiinama maji meupe hudondoka tundu moja la pua. Anasema yana chumvi. (Bukoba)

Mrudisheni leo. Tuanze na maji, ndiyo mazito. Lile dari la chekecheke likipasuka, maji yanayozunguka ubongo hushukia puani: meupe kama ya kunywa, upande mmoja, huongezeka akiinama, yana chumvi. Kamasi za mafua huvutika na hukausha kitambaa kikawa kigumu; maji haya hukiacha laini. Mara nyingi ufa hujiziba ndani ya siku 7 hadi 10 kwa kupumzika kichwa kikiwa juu, lakini awe chini ya uangalizi, kwa kuwa njia ileile huingiza vijidudu vya homa ya uti wa mgongo. Asipenge, asinyanyue mzigo, asizibwe pua kwa pamba, na asipitishwe mpira wowote puani.

Kupenga kuna hatari ya pili. Ukuta kati ya pua na jicho ni mfupa wa ethmoidi wenye unene wa chini ya nusu milimita. Umepasuka? Akipenga, hewa inapenya chini ya ngozi ya jicho: kope huvimba papo hapo, na ukiibonyeza inasagika kama karatasi ya nailoni.

Ganzi ya shavu hutokana na neva inayotoka kwenye kitundu cha mfupa, kama sentimita moja chini ya ukingo wa jicho, mkabala na mboni. Huhudumia shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya mbele. Ganzi yake baada ya ajali maana yake ufa umepita hapo hadi ithibitishwe vinginevyo, na mtu apigwe picha ya CT, si eksirei.

Kisha chukueni kitambulisho chake, mlinganishe na uso wa sasa. Tazama umbali kati ya pembe za ndani za macho. Kwa watu wazima wengi ni milimita 30 hadi 35, wengine huzidi kidogo kwa maumbile. Ukizidi 40 na kwenye picha haukuwa hivyo, kipande cha mfupa kinachoshikilia kano za kope kimesogea, na mzizi wa pua umezama. Hiyo hushindwa kurekebishwa vizuri ikicheleweshwa. Daktari atashika pia meno ya juu na kuyatikisa: pua ikitikisika pamoja nayo, kipande chote cha kati cha uso kimekatika kama piramidi, ufa wa pili katika ile mistari mitatu aliyoieleza daktari Mfaransa René Le Fort mwaka 1901.

Nina nyama puani, tena ngumu kama mfupa. Kuna mzee anazikata na kuzichoma kwa dawa. (Mwanza)

Jina "nyama za puani" limebeba vitu vitatu. Unayoiona ukijimulika mara nyingi ni ile rafu ya chini, iliyovimba kwa mzio: ya waridi, ukiigusa inauma, na ndani yake kuna mfupa, ndiyo maana unaihisi ngumu. Kila mtu anayo, ukiikata yote pua inakauka na kunuka. Cha pili ni polipu, za kijivu, zinang'aa kama zabibu iliyomenywa, na hazina maumivu. Cha tatu, kwa watoto, ni tezi iliyo nyuma ya pua, ambayo kwa tochi huioni kabisa. Utaijua kwa kukoroma na mdomo wazi.

Mbili za kwanza huanzishiwa dawa ya kupuliza yenye steroidi, kila siku kwa wiki kadhaa. Matone ya kuzibua pua usiyazidishe siku tano, kwani baada ya hapo yenyewe huziba. Kitu cha upande mmoja tu, chenye damu, kichukuliwe kipande kikapimwe. Kwa mtoto, upande mmoja unaonuka mara nyingi ni ushanga au punje ya maharage. Na uvimbe katikati ya mzizi wa pua wa mtoto mchanga usichomwe wala kuchanjwa na mtu yeyote kabla ya picha. Unaweza kuwa utando wa ubongo uliopenya kwenye mwanya wa mifupa.

Swali dogo: kwa nini nikilia kamasi zinatoka, na dawa ya macho naisikia uchungu kooni? (Zanzibar)

Pembeni mwa pua, kwenye pembe ya ndani ya jicho, gusa kijituta cha mfupa. Nyuma yake kuna kijibonde kilichoundwa na taya la juu pamoja na mfupa wa machozi, mdogo kuliko mifupa yote ya uso, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Hapo panakaa kifuko cha machozi, na kutoka hapo mfereji usiofika sentimita 2 hushuka ndani ya mfupa na kufungukia chini ya rafu ya chini ya pua. Machozi yakizidi, yanapita huko. Dawa nayo hufuata njia hiyohiyo. Ukishatia tone, fumba jicho, bonyeza kijibonde hicho kwa kidole dakika mbili. Uchungu utapungua kooni, na dawa nyingi zaidi itabaki jichoni.